Gara za Nyatiti Zimejificha Kwenye Rili

Chukua mashine ya rili iliyoundwa kwa umeme wa Marekani, uiwashe Kisumu: mpiga nyatiti aliyerekodiwa akiwa kijana atatoka na sauti ya mzee. Umeme wa kule una mizunguko 60 kwa sekunde, wetu 50. Katika mashine nyingi za zamani mota inayovuta utepe hufuata mizunguko hiyo, kwa hiyo mwendo hupungua kwa sehemu moja kati ya sita na nyuzi zote nane hushuka. Transfoma itapunguza volti tu. Revox A77, iliyotoka Uswisi mwaka 1967, haina tatizo hilo kwa kuwa mwendo wake husimamiwa na saketi.

Lakini hata A77 usiinunue kabla ya kufungua makasha ya rili ulizo nazo. Watu huanza na jina la mashine na bei, nami naona huko ni kununua kiatu kabla ya kupima mguu. Kanda hii ya ziwa imerekodiwa na watu wa kila aina: mtafiti wa muziki Hugh Tracey alipita Nyanza mwaka 1950, redio ya Sauti ya Kenya ikatangaza kutoka Kisumu, wanabenga wakaingia studio. Rili ya studio huenda ilikimbia sentimita 38 kwa sekunde, na A77 ya kawaida inajua 19 na 9.5 pekee. Rili ndogo ya mwandishi wa habari aliyetembea na kinasa sauti cha Uher begani huenda ikawa ya mwendo wa chini zaidi.

Halafu kuna njia za sauti. Utepe wa nyumbani mara nyingi ulirekodiwa njia nne, mbili kwenda na mbili kurudi. Uchezeshe kwenye mashine ya redio yenye vichwa vipana, utasikia wimbo mmoja ukienda mbele na mwingine ukija kinyumenyume juu yake.

Joto na unyevu wa ziwani navyo vina lao. Inua rili uitazame upande dhidi ya mwanga: ikipitisha mwanga, huenda ni asetati, na ikinuka siki imeanza kuoza. Hiyo isitiwe joto kamwe. Tepu nyingi za poliesta za miaka ya 1970 na 1980 zina ugonjwa mwingine: gundi yake hunyonya unyevu, ikanata kwenye vichwa na kulia kama bawaba kavu. Hizo hukaushwa kwa nyuzi joto 50 hivi, saa nyingi, katika tanuri la maabara. Jiko la kuokea mkate liache na mkate wake.

Mashine ikishapatikana, kazi kubwa iko kwenye skrubu moja ndogo kando ya kichwa cha kusomea. Kichwa kikiinama kidogo tu kuliko kile kilichorekodi, sauti nyembamba hufutana zenyewe. Nyatiti hubaki mvumo mzito, na huwezi kurekebisha hilo baadaye kwenye kompyuta, hata ukihifadhi kwa biti 24 na kilohezi 96. Kwa hiyo fundi huigeuza skrubu kwa kila rili, polepole, sikio likiwa kwenye spika, mpaka gara za mguuni mwa mpigaji zianze kulia.