Nani Ataje Bei Kwanza?

Sogeeni motoni, wajukuu. Jioni ya Makere haina mzaha. Leo sina sungura wala fisi. Nina mama mmoja na maharage yake ya njano, kama debe hivi.

Siku ya gulio, mzigo bado u kichwani, kijana mchuuzi kamfikia. "Shikamoo mama. Hayo nakupa elfu kumi na tano."

"Marahaba mwanangu. Lete ishirini."

Wakavutana, wakaangukia kumi na saba. Mama akarudi nyumbani akijiona mjanja, maana si ameongezewa elfu mbili? Kumbe siku hiyohiyo, Kasulu mjini, debe lilikuwa elfu ishirini na tano.

Mnamcheka? Mwaka 1974 wanasaikolojia wawili, Amos Tversky na Daniel Kahneman, waliandika jinsi walivyozungusha gurudumu la namba mbele ya watu, kisha wakawauliza: kati ya nchi za Umoja wa Mataifa, za Afrika ni asilimia ngapi? Walioona gurudumu limesimama kwenye 10 walikisia kama 25. Walioona 65 wakakisia kama 45. Gurudumu, jamani! Linajua nini habari za Afrika? Lakini namba inayotangulia kusikika ni kigingi, na mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake. Yule kijana hajakanyaga chuo chochote, ila kigingi anajua kukipiga, tena kwa shikamoo.

Sasa ije simu. Huko Kerala, India, tarehe 14 Januari 1997, wavuvi 11 walifika ufukweni wakakosa wa kumuuzia, samaki wakawa wa kumwaga. Wakati huohuo, ndani ya kilomita 15 tu, wanunuzi 27 walikuwa wanaondoka mikono mitupu. Kisha minara ya simu ikasimikwa, mvuvi akawa anauliza bei angali majini. Mtafiti Robert Jensen alipopiga hesabu zake, alizozichapisha mwaka 2007, alikuta faida ya wavuvi imepanda asilimia 8, na mlaji naye kapunguziwa bei asilimia 4.

Mama yetu akanunua kitochi. Gulio lililofuata aliamka akampigia shangazi yake aliyeko Kasulu. Kijana alipoanza tu "Shika...", mama kamuwahi: "Ishirini na sita!"

Kijana akacheka. "Mama, siku hizi umekuwa dalali!" Wakaelewana ishirini na nne, pesa kwa simu. Mama hakuachia maharage mpaka ujumbe ulipolia na salio akalisoma kwa sauti.

Ndipo kijana akachukua debe lake, lile lililogongwagongwa kitako mpaka likatoa tumbo kama la mjamzito, akaanza kupima. Akajaza, akalitikisa, akaongeza kilemba juu. Maharage ya mama yakaisha, debe halijajaa.

"Bado kidogo mama, nirudishie elfu tatu."

Mama akalitazama lile tumbo la debe, akakitazama kitochi chake. Kwa shangazi aliulizia bei tu.