Kafyu ya Juni 1961: Nani Alitia Saini, na Fedha Zilitoka Wapi

Vijana wetu waliozaliwa Maskati na London hutuuliza kwa nini wazee wakiikumbuka Juni 1961 huanza na neno "kafyu", ambayo kwa Kiarabu ni hadhru-tajawwul. Tumeona tueleze amri hiyo ilivyokuwa ikipitishwa, kwani wengi hudhani ni askari tu waliofunga njia.

Fujo zilianza mjini Unguja tarehe 1 Juni, siku ya uchaguzi, kwa ugomvi vituoni, zikaenea mashamba. Waliouawa walikuwa 68, wengi wao Waarabu, khasa Wamanga wenye viduka vijijini.

Uchaguzi wa Januari ulikwisha pande mbili zikiwa sawa, 11 kwa 11, na iliyobaki ikawa serikali ya muda tu. Siku fujo zilipozuka, Baraza la Kutunga Sheria jipya lilikuwa bado halijakutana. Madaraka ya usalama, hata hivyo, hayakuwa ya Baraza. Yalikuwa mikononi mwa Balozi wa Kiingereza, Sir George Mooring. Tangazo la hali ya khatari ndilo linalofungua mlango wa amri nyengine: kupekua nyumba, kukataza mikutano, kumzuia mtu bila ya kumfikisha mahakamani, na kafyu yenyewe. Kafyu haiwi kafyu mpaka itaje eneo, saa, na nani apewe kibali cha kutembea.

Fedha zina njia yake. Katika utaratibu wa Kiingereza, Hazina haitoi kitu bila ya idhini ya Baraza. Lakini askari hula leo, na magari hutaka petroli leo. Kwa hiyo hutolewa kwanza hati ya dharura, fedha zikatumika, kisha serikali ikapeleka Barazani makadirio ya nyongeza. Hapo wajumbe huombwa waidhinishe kilichokwisha kutumika. Sisi tunaona hapa ndipo penye udhaifu: nani atakataa kulipia mkate uliokwisha kuliwa? Na Hazina ya Zanzibar iliegemea ushuru wa karafuu, ambayo bei yake miaka ile ilikuwa imeanguka.

Askari wa King's African Rifles waliletwa kwa ndege kutoka Kenya. Mji ulitulia mapema. Mashamba hayakutulia, na huko ndiko walikouawa watu wengi zaidi. Amri iliyoandikwa kwa taratibu zote haikuwa na wa kuisimamia kwenye njia za mikarafuuni, na mwenye duka aliyetii akajifungia ndani alikuwa peke yake na mlango wake wa mbao.

Tume ya Sir Stafford Foster Sutton ilichunguza sababu za fujo, na ripoti yake ilichapishwa. Familia zenye vibali vya usiku vya mwaka ule, hata vilivyochakaa, tunaziomba zisivitupe. Mara nyingi kibali hutaja saa, mtaa na jina la ofisa aliyetia saini, mambo ambayo ripoti kubwa huyapita.