Fahamu: Mtihani wa SAT umerudi, nao hupima vipi?

Baada ya vyuo vikuu vingi vya Marekani kuacha kuushurutisha mtihani wa SAT zama za korona, MIT kiliurejesha mwaka 2022 na Harvard kikafuata 2024, hata wanafunzi wa sekondari wanaotamani kuingia humo wakalazimika kuushughulikia tena kwa dhati. Mtihani huo hufanywa kwa kompyuta, kwa muda wa saa 2 na dakika 14, maswali 98 ya lugha na hesabu, na alama zake huanzia 400 hadi 1600. Walakini jambo ambalo aghalabu watahiniwa hughafilika nalo ni kwamba kila sehemu ina mafungu mawili, na kadiri mtu ajibuvyo fungu la kwanza ndivyo la pili litakavyokuwa jepesi au zito, hivyo aliyefanya pupa mwanzoni huweza kujifungia njia ya alama za juu kabla hajafika katikati.

Jibu la makosa halipunguzi alama; kuacha swali wazi, basi, ni hasara tupu. Mazoezi ya bure yamo Khan Academy na katika Bluebook, programu ya kufanyia mtihani wenyewe, na kwa rai yangu mitihani michache kamili, iliyopimwa kwa saa na kila kosa likatafutiwa asili yake, yashinda rundo la vitabu. Kikokotoo nacho kimo humo humo kwenye programu, ila asiyekizoea mapema atapoteza dakika akitafuta vitufe.