KUUNDA UPYA BODI YA LAND ROVER KUUKUU
Anza na chesisi, maliza na boneti

Vikundi vingi hununua Land Rover kuukuu kwa bei nafuu ili kubeba maziwa, mahindi au wagonjwa. Injini hutengenezwa, kisha bodi huachiwa fundi. Gari likirudi, rangi inang'aa, lakini mlango haufungi mpaka uubamize, na mvua ikinyesha abiria wanalowa miguu. Pesa za kikundi zimekwisha. Makala hii itawasaidia kujua kazi nzuri inavyofanywa, hata kama si nyinyi mtakaoshika spana.

Bodi hii imeundwaje?
Land Rover ya kwanza ilionyeshwa mwaka 1948. Wakati huo chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita, kwa hiyo sehemu kubwa ya bodi ilitengenezwa kwa aluminiamu. Umbo hilo la zamani liliendelea kuundwa hadi Januari 2016. Bodi yake ni vipande vilivyofungwa kwa bolti juu ya chesisi ya chuma. Hapa Kenya pia magari haya yaliwahi kuunganishwa Thika, vipande vikija kutoka Uingereza. Ndiyo sababu fundi wa jua kali anaweza kuyafungua yote na kuyarudisha. Lakini kila kipande hushika kingine: kimoja kikikaa vibaya, vyote vinapotoka.

1. Pima chesisi kwanza
Weka gari mahali tambarare, uzito ukiwa juu ya magurudumu. Ukiliinua kwa jeki katikati, chesisi inaweza kujipinda kidogo na vipimo vyako vitadanganya. Chukua futi, pima kutoka tundu la mbele kushoto hadi tundu la nyuma kulia. Kisha pima kutoka mbele kulia hadi nyuma kushoto. Vipimo viwili viwe sawa. Visipokuwa sawa, chesisi imepinda, na hakuna mlango utakaokaa vizuri juu yake. Gonga pia kwa nyundo ndogo ukitafuta kutu. Palipooza patoa sauti nzito, au nyundo itatoboa.

2. Ukuta wa mbele
Huu ni ukuta wa chuma ulio kati ya injini na dereva. Milango ya mbele na boneti vyote vinaning'inia hapo, kwa hiyo ndio mama wa bodi. Ufunge kwa bolti, lakini USIKAZE. Weka pia sehemu ya nyuma ya kubebea mizigo, nayo usikaze.

3. Mlango ndio kipimo chako
Funga milango yote miwili pamoja na mipira yake mipya. Ukipima bila mpira, mlango utakataa kufunga siku utakapouweka. Kwanza inua mlango kwa mkono ukiwa wazi. Ukicheza juu na chini, bawaba zimelika. Zibadilishe kabla ya jambo lingine.

Sasa funga mlango na uangalie nafasi iliyo nyuma yake. Iwe sawa kutoka juu hadi chini, kama unene wa penseli. Ikiwa ni nyembamba juu na pana chini, ukuta wa mbele umeegemea nyuma. Ikiwa ni pana juu na nyembamba chini, umeegemea mbele. Rekebisha ukuta kwa kuweka au kutoa washa na vipande vyembamba vya bati pale unapofungwa kwenye chesisi. Usipige mlango nyundo! Mlango hauna makosa, unakuonyesha tu kosa liko wapi.

4. Madigadi na boneti
Milango ikikubali, ndipo ufunge kioo cha mbele, paa, madigadi, na mwisho boneti. Boneti ikae katikati, nafasi za pande zote mbili zikilingana. Hakikisha komeo la mbele linashika barabara. Boneti ikifunguka gari likiwa mbioni, dereva haoni barabara, na hapo ni maisha ya watu.

5. Kaza polepole
Kaza bolti kidogo kidogo, upande huu kisha upande ule, ukifungua na kufunga mlango kila mara. Endesha gari kwenye barabara mbovu, kisha kaza tena.

Mambo mawili husahauliwa. Aluminiamu ikigusana na chuma mahali penye unyevu, huliwa na kutoa unga mweupe. Paka rangi ya kuzuia kutu na uweke kipande cha mpira kati yake. Pili, rangi huzuia umeme. Waya wa ethi ufungwe kwenye chuma kilichokwanguliwa, la sivyo taa zitakuwa hafifu.

Kabla ya kulipa salio
Mwenyekiti na mweka hazina waende pamoja kukagua kabla rangi haijapakwa:
- Weka karatasi kwenye mpira, funga mlango, vuta. Ikitoka bila kushika, maji nayo yataingia hapo.
- Mwagia maji juu, kisha angalia sakafu.
- Funga kila mlango kwa kidole kimoja na kiganja, bila kubamiza.
- Linganisha nambari ya chesisi na ile ya logbuku.

Fundi akiwaambia, "Hiyo itazoea tu," msikubali. Bati halizoei, linapasuka. Kurekebisha bolti kabla ya rangi ni kazi ya asubuhi moja. Baada ya rangi, ni kulipa mara mbili. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Jadilini katika kikundi
Je, mapatano yetu na fundi yameandikwa? Ni nani atakayekagua kazi, na ni kiasi gani tutakachobakiza mpaka milango ifunge?