Nyumba ya wageni ya zamani inauzisha nini?

Bandugu, wengi hapa Kilwa wanaona kutengeneza nyumba ya wageni ya zamani ni rangi na manjanja mapya tu. Angalieni Travellers Rest ya Kisoro, muji mudogo wa Uganda chini ya mulima Muhavura, karibu na mupaka wetu wa Bunagana. Walter Baumgärtel, Mujerumani, aliichukua mwaka 1955; wageni wakafika juu ya gorila wa milimani. Mwaka 1967, Dian Fossey alipotoroka basoda ba Kongo, kule njo alikimbilia. Leo imetengenezwa, vyumba ni vichache, na vyumba vichache haviwezi kushindana na hoteli kubwa kwa bei. Mugeni analipa alale pale Fossey alilala. Rangi, kila hoteli iko nayo! Sisi, pembeni ya ziwa Mweru, tunabomoa mbele ya kuuliza wazee nani alilala mule.