"Unadaiwa, lipa sasa hivi": Jinsi ya kumtambua tapeli anayejifanya mkusanya madeni

Wengi wetu tumeshazoea ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Ukiingia tunaucheka, tunaufuta, tunaendelea na kazi. Lakini kuna utapeli mwingine ambao hauchekeshi, kwa sababu unagusa jambo linalotuumiza wengi, nalo ni deni. Mtu anakupigia, anajitambulisha kuwa afisa mikopo, anakwambia unadaiwa, na kwamba usipolipa leo polisi au dalali yuko njiani.

Utapeli huu unafanikiwa kwa sababu siku hizi kaya nyingi zina mkopo wa aina fulani. Kuna mikopo ya kwenye simu kama M-Pawa, Songesha, Timiza na Nivushe. Kuna VICOBA, kuna mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na kuna ile ya mtaani tunayoiita kausha damu. Mtu mwenye mikopo miwili au mitatu akiambiwa anadaiwa, hashangai sana. Anachojiuliza ni huu ni upi.

Katika makala hii tunaeleza wanavyofanya kazi, dalili zao, na hatua za kuchukua, hata kama tayari umeshatuma pesa.

Simu yenyewe huwa hivi

Tumetunga mfano huu ili uone jinsi mazungumzo yanavyojengwa:

— Shikamoo mama.

— Marahaba mwanangu.

— Mimi ni afisa mikopo kutoka makao makuu. Una deni la shilingi 187,500, limepitiliza siku 90. Faili lako liko hapa mezani, polisi wanatoka saa nane.

— Deni gani tena, mwanangu? Ni lile la kikundi?

— Ndiyo mama, hilohilo la kikundi. Lakini mimi nakuonea huruma, wewe ni sawa na mama yangu mzazi. Tuma 45,000 sasa hivi kwenye namba ya msimamizi wangu, nisimamishe gari. Usikate simu.

Tazama alivyofanya. Ameanza na heshima, na mtu akishakuamkia vizuri ni vigumu kumkatia simu. Akataja kiasi kisicho duara, 187,500, kionekane kimetoka kwenye kompyuta. Hakujua ni mkopo gani. Mama ndiye aliyemtajia kikundi, yeye akadakia. Kisha akatisha, na papo hapo akajifanya mwokozi. Mwisho akasema "usikate simu", kwa sababu ukikata utamuuliza mwenzio, na ukimuuliza mwenzio mpango umekufa.

Amelijuaje jina langu?

Hili ndilo linalowaangusha wengi. Mtu anasema, "Alinitaja majina yote matatu, nikajua ni wa ofisini kweli."

Jina lako si siri. Mtu yeyote akianza kukutumia pesa kwa simu, kabla hajaweka namba ya siri huonyeshwa jina la mwenye namba. Tapeli anaingiza namba yako, anasoma jina, halafu anasitisha muamala. Hajatumia hata shilingi.

Njia nyingine ni orodha za vikundi zinazosambazwa WhatsApp, zikiwa na majina, namba za simu na kiasi ambacho kila mtu amekopa. Nyingine ni programu za mikopo za kwenye simu ambazo, ukizipakua, zinaomba ruhusa ya kusoma majina yote uliyohifadhi. Kwa hiyo hata ndugu yako akipakua programu ya namna hiyo, namba yako inaweza kuwa imeshafika usikokujua.

Kwa hiyo mtu kukujua jina hakuthibitishi kwamba unadaiwa.

Dalili sita za tapeli

Kwanza, anataka pesa iende kwenye namba ya mtu binafsi. Taasisi ya kweli ina akaunti ya benki, namba ya kampuni ya kulipia au, kwa malipo ya serikali, kontroli namba yenye tarakimu 12. Ukilipa kwa njia hizo, jina la taasisi linatokea kwenye simu kabla hujaweka namba ya siri. Likitokea jina la mtu, simama hapo hapo.

Pili, anakuharakisha kwa dakika au saa. Deni la kweli halibadiliki kwa sababu umekata simu ukaenda kuuliza.

Tatu, anataja polisi, jela au mgambo. Kudaiwa si kosa la jinai. Ni jambo la madai, na mdai asipolipwa hupeleka shauri mahakamani. Dalali wa mahakama hufanya kazi kwa amri ya mahakama na huja na karatasi. Hata ulipoweka dhamana, kuuzwa kwake hutanguliwa na notisi ya maandishi. Hakuna gari la polisi linalosimamishwa kwa shilingi 45,000 kwenye simu ya mtu.

Nne, anaomba namba ya siri, au namba fupi ya uthibitisho iliyoingia kwa ujumbe. Hakuna mkopeshaji, benki wala kampuni ya simu inayohitaji namba yako ya siri.

Tano, anakuelekeza cha kubonyeza. "Piga *150*00#, halafu bonyeza moja, halafu andika namba hii, ni ya kufuta deni." Hiyo ni menyu ya kawaida ya M-Pesa, na namba unayoandika ni ya kutumia pesa, si ya kufuta deni. Mbinu ni hiyohiyo kwa *150*60# ya Airtel Money, *150*01# ya Mixx by Yas au *150*88# ya Halopesa.

Sita, hawezi kukuambia ulikopa lini, kiasi gani, wapi, na ulisaini mbele ya nani. Muulize maswali hayo kisha nyamaza. Usimsaidie kwa kutaja kikundi, benki wala jina la afisa unayemjua. Ukinyamaza, ataanza kufoka au atakata simu mwenyewe.

Deni la kweli linajulikanaje

Uzuri wa mikopo ya kwenye simu ni kwamba unaweza kujitazamia mwenyewe. Ingia kwenye menyu ya huduma uliyokopea, nenda sehemu ya mikopo, utaona kama unadaiwa na ni kiasi gani. Mkopo kama Songesha hukatwa wenyewe pesa inapoingia kwenye akaunti yako. Mtu akikupigia akitaka umtumie yeye pesa ya Songesha, jiulize kwa nini mfumo usikate.

Kwa mkopo wa benki au wa taasisi ya fedha, nenda tawini ukiwa na kitambulisho. Kama tawi liko mbali, piga namba iliyoandikwa kwenye mkataba wako au kwenye kitabu chako, si ile aliyokupa mpigaji. Kwa mkopo wa halmashauri, muone afisa maendeleo ya jamii wa kata. Kwa VICOBA, muulize mweka hazina uso kwa uso.

Mkopeshaji mwenyewe pia anatakiwa awe halali. Chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, anayefanya biashara ya kukopesha anatakiwa kuwa na leseni. Novemba 2024, Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majina ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha kwa njia ya mtandao bila kibali, ikawaonya wananchi wasiyatumie.

"Umewekwa kama mdhamini"

Simu nyingine haidai deni lako, inadai la shemeji, jirani au mtu mliyesoma naye. "Fulani amekuweka mdhamini, hapokei simu, kwa hiyo utalipa wewe."

Dhamana ni makubaliano. Kama hukuulizwa wala hukukubali, hukumdhamini mtu. Namba yako kuwepo kwenye simu ya mkopaji hakukufanyi mdhamini.

Hapa mpigaji anaweza kuwa tapeli, na anaweza pia kuwa mtu wa programu ya mikopo anayetaka kumwaibisha mkopaji mbele ya ndugu zake. Kwa vyovyote usilipe. Kutumia majina na namba za watu bila ridhaa yao kunagusa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na malalamiko hupelekwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Tunza ujumbe waliokutumia, usiufute kwa hasira.

La kusema simu ikiingia

Huhitaji kubishana. Sema: "Nimekusikia. Nitakwenda ofisini mwenyewe." Kisha kata. Hujakubali deni, hujakataa, na hujamkosea heshima mtu yeyote.

Baada ya hapo, mwambie mtu mmoja unayemwamini kilichotokea. Aibu ya deni ndiyo silaha kubwa ya matapeli hawa. Wapo wanaotuma pesa kimyakimya ili mume, mke au watoto wasijue, na tapeli akishaona umetuma mara ya kwanza, kesho anarudi na "riba iliyobaki".

Kama umeshatuma

Usikae ukijilaumu, kwa sababu dakika zina thamani.

1. Piga 100, huduma kwa wateja ya mtandao wako, useme umetapeliwa na uombe muamala uzuiwe. Pesa ikiwa bado haijatolewa kwa wakala, kuna nafasi ya kuiokoa. Ikishatolewa, ni vigumu.

2. Kama ulitaja namba ya siri, ibadilishe mara moja.

3. Tuma taarifa ya namba ya tapeli kwa ujumbe mfupi kwenda 15040, namba ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, kisha fuata maelekezo yatakayorudi.

4. Nenda kituo cha polisi ukiwa na simu yenye ujumbe wa muamala, uandikishe taarifa na upewe namba ya RB. Utapeli wa aina hii unaweza kushughulikiwa pia chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015.

5. Piga *106# kuangalia namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Ukikuta usiyoitambua, nenda duka la mtandao husika uikatae, isije ikatumika kutapeli wengine kwa jina lako.

Jihadhari pia na simu ya pili. Siku chache baadaye anaweza kupiga mwingine akisema ni wa kitengo cha makosa ya mtandao, pesa yako imepatikana, lipia kwanza gharama ya kuirudisha. Huyo naye anakutapeli.

Kama kweli unadaiwa

Wapo miongoni mwetu wanaodaiwa kweli, na msimu haukuwa mzuri. Kuwa na deni hakukuondolei haki ya kuheshimiwa. Nenda kwa mkopeshaji kabla hajakutafuta, omba kupangiwa upya marejesho, na mpatane kwa maandishi. Kila unapolipa, dai risiti au tunza ujumbe. Mtu mwenye kumbukumbu zake anajua anadaiwa kiasi gani, na hawezi kutishwa na anayebahatisha.

Kwa vikundi, tunashauri mambo mawili yazungumzwe kwenye kikao kijacho. La kwanza, orodha ya wakopaji isitumwe WhatsApp, ikae kwenye daftari. La pili, pesa ya kikundi isitumwe popote kwa maagizo ya simu mpaka viongozi wawili wawe wamethibitisha kwa kwenda ofisini.

Na kama nyumbani kuna bibi au babu mwenye simu ya vitufe asiyesoma makala kama hii, msomee. Muandikie namba 100 na 15040 kwa kalamu nene, uzibandike ukutani karibu na anapochajia simu yake.