Msamaha Huishia Getini

Tarehe 9 Desemba 2019, kwenye sherehe za Uhuru zilizofanyika Uwanja wa CCM Kirumba jijini Mwanza, Rais John Magufuli alitangaza msamaha kwa wafungwa 5,533. Ukiutazama kama mradi, msamaha wa Rais una sifa ambayo miradi mingi ya serikali haina: unatekelezeka. Ibara ya 45 ya Katiba inampa Rais mamlaka, magereza yanapitia majina, geti linafunguliwa. Hakuna mkandarasi wa kusubiriwa.

Kazi inaanzia nje ya geti, na hiyo haina bajeti.

Tuwafuate hao wa Desemba 2019. Walitoka wakati nchi nzima ikipanga foleni kusajili laini za simu kwa alama za vidole. Siku ya mwisho ilisogezwa hadi 20 Januari 2020. Laini ilitaka namba ya NIDA. Fomu ya NIDA ilitaka muhuri wa serikali ya mtaa au kijiji. Na mtendaji hamgongei muhuri mtu asiyemfahamu: unakaa kwa nani, mjumbe wako ni nani? Sasa mtu aliyetumikia miaka tisa, mama yake kafariki, chumba chake kina mpangaji, atamtaja nani? Bila muhuri hana namba, bila namba hana laini, na bila laini hata kibarua cha siku moja kitampita, maana fundi humpigia yule anayepatikana.

Tunajifariji kwamba wametoka na ufundi. Ni kweli, wapo waliojifunza useremala au ushonaji, na pale Karanga, Moshi, kuna kiwanda cha viatu hasa. Lakini fundi wa kiwandani akifika nyumbani hana mashine wala ngozi. Mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri inapitia vikundi vya wanawake, vijana na wenye ulemavu. Mwanamume wa miaka hamsini mwenye afya yake hayumo. VICOBA nako watu hudhaminiana kwa kujuana, na yeye wanamjua kwa lile alilofungiwa tu.

Ajabu ni kwamba njia bora tunayo. Sheria ya Bodi za Parole ni ya mwaka 1994. Kabla mfungwa hajaachiwa kwa parole, maofisa huuliza huko kwao: ndugu watampokea? Aliyetendewa kosa anasemaje? Parole huwatoa wachache, na polepole, lakini anayetoka anakuta anasubiriwa. Msamaha huwatoa kwa maelfu, na mara nyingi kijiji hupata habari kumwona mtu amesimama uani.

Nimesikia hoja kwamba msamaha ni hisani ya Rais, hauwezi kuanza kwa kubisha hodi vijijini. Sikubaliani nayo. Vigezo karibu havibadiliki mwaka hadi mwaka: wazee wa miaka 70 na kuendelea, wagonjwa mahututi, waliokwisha kutumikia sehemu fulani ya kifungo. Bwana jela anajua tangu Oktoba ni mzee gani atatimiza miaka 70. Barua moja kwa mtendaji na kwa ofisa ustawi wa jamii, kuulizia tu kama nyumba bado ipo na nani anaishi humo, haimpunguzii Rais mamlaka yoyote. Tena isubiri hata baada ya tangazo, ilimradi itangulie kufika kabla ya mzee mwenyewe.